Moniteri wa Kushuka

Baba yangu aliendesha gari la mkurugenzi wa kampuni moja ya chai kwa miaka ishirini na moja, na miaka hiyo yote tulilala katika nyumba iliyokwenda na kazi ile. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya uwanja wa mkurugenzi, pale Muhumba, mjini Bukavu, na ukifungua dirisha la jikoni unaliona ziwa. Mama alipanda mboga za lenga-lenga kando ya ukuta. Wadogo zangu wawili walizaliwa humo. Wageni walitusifu kwa kuishi pazuri, nasi tukapokea sifa hizo kana kwamba nyumba ni yetu. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, lakini kitu ukikiazima miaka ishirini na moja, unasahau.

Kisha macho ya Baba yakaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu. Mji aliujua kwa moyo, shimo kwa shimo, na magari yalikuwa machache kwa sababu miaka ile petroli iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara kama dawa. Alijificha hivyo kwa muda mrefu, mpaka asubuhi moja alipoingiza gari katikati ya maua ya bibi wa mkurugenzi, akazima injini, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kusema wamefika. Mkurugenzi alitazama maua, akatazama macho ya Baba. Hakufoka. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia mambo, lakini hakuwa mbaya.

“Muzee, hauone tena,” alimwambia. “Minakupatia mwezi mbili. Kama kijana yako anapata permi mbele mwezi mbili iishe, achukue vola, na mubakie mu nyumba. Kama hapana, shofere mupya naye atahitaji pa kulala.”

Kijana wa kutafuta permi hiyo, yaani leseni ya udereva, nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya Serikali niliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki, na ofisi zote za Bukavu zilikwisha kuiona. Vola yenyewe, usukani, sikuwahi kuigusa. Mtoto wa dereva! Watu hawaamini nikiwaambia. Lakini kwa miaka yote ile Baba hakuturuhusu hata kukaa ndani ya gari lile likiwa limesimama. Gari la kampuni ni la kampuni, alisema, na matako ya watoto wake yanachakaza viti kama matako ya watoto wengine. Sasa kwa uaminifu wake huo nilikuwa na miezi miwili ya kujifunza kwa watu wa nje kitu ambacho kilikuwa kikilala hatua kumi kutoka kitandani kwangu.

Tulitafuta moniteri, mwalimu wa udereva, pamoja, Baba na mimi. Aliwahoji kama mtu anayenunua mbuzi na kuogopa kuuziwa mgonjwa. Wa kwanza alikuwa na ofisi mjini, gari lenye pedali pande mbili, na karani mwenye karatasi ndefu. Bei ya masomo yenyewe haikuwa mbaya. Lakini karani aliendelea kusoma: kujiandikisha ni mbali, kitabu cha sheria za barabara ni mbali, picha sita ni mbali, petroli ni juu ya mwanafunzi, na mpira ukipasuka katika saa yako, mpira ni wako. Mwishoni aliteremsha sauti na kutaja madesu ya bana, yaani maharage ya watoto, na kila mtu katika nchi ile alijua kwamba watoto hao ni wa mpimaji wa mtihani na kwamba hawashibi.

“Na hewa yenye tutapumua mu gari?” Baba alimwuliza. “Hiyo iko ya bure?”

Tukatoka. Wa pili alikuwa sajini aliyefundisha kwa jeep ya jeshi. Hakutaka pesa, alitaka bia, na alizitaka kabla ya somo. Baba alimsikiliza akibadilisha gea mara moja tu, akaniambia twende, yule mtu anaendesha kama anayekimbia vita.

Wa tatu tulimkuta Kadutu, juu, karibu na soko. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, na gari lake lilikuwa dogo, lenye mgongo wa kobe, rangi yake ya zamani haikujulikana tena. Baba alimwuliza swali lile lile aliloanzia kwa wote, juu ya petroli. Yule mzee akacheka.

“Kwangu hakuna mambo ya esansi, papa. Kushuka ni yenu, kupanda ni yangu.”

Maana yake ilikuwa rahisi. Bukavu ni mji wa vilima, ukitoka popote unashuka au unapanda. Wanafunzi wake walijifunza kwa kushuka, gea ikiwa nje na injini imezimwa, gari likijiendea lenyewe kwa uzito wake. Wakifika chini, moniteri anachukua usukani, anawasha injini na kulipandisha mwenyewe, kwa sababu mwanafunzi akipanda anakunywa petroli kama ng’ombe. Kwa njia hiyo bei yake ilikuwa nusu ya bei ya mjini, bila nyongeza hata moja.

Nilimwona Baba akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya maua. Alikuwa amekutana na mtu wa dini yake. Katika miaka ile ya uhaba, madereva wa mji wetu walipimana kwa mambo hayo: nani anaweza kutoka juu kabisa mpaka ziwani bila kuwasha, nani anajua kuachia breki mahali gani ili mwendo umfikishe mpaka getini. Baba alikuwa bingwa. Mkurugenzi alimsifu mbele ya wageni kwamba lita moja mikononi mwake ni lita mbili. Alimpa moniteri mkono, wakapeana sifa za miteremko kwa muda mrefu, na mimi nilisimama pembeni nikifurahi kama mjinga. Nasema wazi kwamba nilifurahi. Niliona tumewashinda wajanja wa mjini.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha baada ya wiki mbili. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa Kamituga, mnene, mwenye saa ya dhahabu, aliyetaka kununua pikapu ya kupeleka mafuta na chumvi kwa wachimbaji. Asubuhi na mapema tulilisukuma gari kidogo mpaka lishike mteremko, tukaruka ndani, na likaanza kushuka kuelekea Nyawera bila sauti. Hilo silisahau. Kwa kuwa injini haikulia, ulisikia kila kitu: vyungu, kuku, redio ya mtu, mama anayemwita mwanawe jina lote. Honi haikutumika kwa sababu inamaliza betri. Moniteri alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele, “Mupishe! Mupishe batu ya Mungu!” na watu wakapisha wakitukana.

Nilijifunza haraka. Nilijua breki inavyotaka kubembelezwa, nilijua kukata kona bila kupoteza mwendo, nilijua kulisimamisha gari kando ya mama muuza ndizi bila kumwamsha mtoto mgongoni. Moniteri aliniambia mimi ni mtoto wa dereva kweli. Kisha chini tunahamia viti vya nyuma, yeye anawasha na kupanda. Mahali pakali zaidi alituomba tushuke tutembee ili gari lipate nguvu.

“Kutizama pia njo kujifunza,” alisema. “Mutizame miguu yangu.”

Tuliitazama. Kutoka kiti cha nyuma cha gari lile huoni miguu ya mtu, unaona kofia yake.

Siku moja nilimwuliza. “Moniteri, na kupanda je? Tutafundishwa siku gani?”

“Kupanda ni injini njo inapanda, hapana mutu,” alijibu. “Mwenye anajua kushuka Bukavu, iko na kitu gani tena ya kumushinda?”

Jibu hilo nililipeleka nyumbani nikitarajia Baba akasirike. Alilipima, akasema lina akili ndani yake. Hata hivyo, ili nisiwe mtupu kabisa, kila siku baada ya kula alinikalisha kwenye kiti, akapanga vifuniko vitatu vya sufuria chini ya miguu yangu na kunipa sinia nishike kama usukani. Cha kushoto klachi, aliyoiita ambreyaji, cha katikati breki, cha kulia petroli. “Sasa uko mu mupando,” aliniambia akiwa amefumba macho. “Achia ambreyaji pole. Pole! Sasa ongeza esansi. Sasa freni ya mukono, toa.” Mama alitaka vifuniko vyake, wadogo zangu walicheka mpaka machozi. Kwa vifuniko vile nilipanda vilima vyote vya Kivu. Havikuwahi kuzimika hata mara moja.

Zilipobaki wiki mbili katika miezi yetu miwili, moniteri aliniletea tarehe ya mtihani, na akanieleza siri yake. Mpimaji alikuwa akikaa Kadutu, na ofisi yake ilikuwa chini mjini. Gari hakuwa nalo. Mtihani wa saa moja asubuhi ndio uliompeleka kazini, na mtihani wa saa sita mchana ndio uliompeleka nyumbani kula. Wanafunzi wote wa moniteri walipimwa asubuhi. Walimkuta mpimaji mlangoni na mkoba wake, wakamshusha taratibu mpaka ofisini, akaandika jina na kupiga muhuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka.

“Saa moja, mbele ya mulango yake,” aliniambia. “Usicheleweshe. Akiisha shuka, ameshuka.”

Kwa hiyo usione ajabu kwamba sikulala vizuri kwa hamu. Alfajiri nilivaa suruali yangu ya diploma. Nilipotoka nikamkuta Baba uwanjani, amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, viatu vimeng’arishwa. Alisema atanisindikiza. Alisema dereva mzee akimkabidhi mpimaji dereva mpya, mpimaji anaona ni jambo la ukoo. Nilitazama macho yake. Mama pia alimtazama, kisha akanitazama mimi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mtu yule abaki.

Kutoka Muhumba mpaka Kadutu kijana anatembea saa nzima. Mvua ilikuwa imenyesha na njia zilikuwa matope matupu. Baba alitembea kwa kuuliza kila jiwe. Nilimshika mkono, akauondoa, akasema hajawa mtoto. Mahali pa mfereji alisimama kabisa, akipapasa kwa ncha ya kiatu, na mimi nikahesabu pumzi. Watu walimsalimia, “Shikamoo, papa shofere,” naye akasimama kumjibu kila mmoja na kumweleza tunakwenda wapi. Nilichemka ndani. Nilimpenda na nilimchukia njia nzima, na vyote viwili nilivificha kwa kusema, “Pole pole, Papa, tutafika.”

Tulifika jua limepanda, saa moja imekwisha kupita. Mlango wa mpimaji ulikuwa umefungwa. Jirani alituambia gari limeshuka zamani. Tuliposhuka mjini tulimkuta yule mfanyabiashara wa Kamituga mbele ya ofisi akiipepea karatasi yake ili wino ukauke. Zamu yake ilikuwa ya wiki iliyofuata, alikuwa amekuja kutazama tu. Alipoona kiti cha dereva kiko wazi akakaa. Alininunulia andazi, na sikuweza kulikataa kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Moniteri alikuna kofia yake. “Karatasi yako iko ya leo,” aliniambia. “Kesho ni kulipa upya na kungoja mwezi. Utapimwa saa sita.” Akamvuta Baba pembeni, akamwambia kwamba akitoa kitu kidogo, mpimaji anaweza kukubali kuzunguka hapa hapa chini, kwenye tambarare. Mama alikuwa amenipa kitu hicho kidogo asubuhi, kimefungwa kwenye ncha ya kitambaa. Nilikitoa. Baba alikishika mkononi, akakipapasa, akanirudishia.

“Hiyo ni ya unga,” alisema. “Mutoto yangu anajua gari.”

Saa sita mpimaji alitoka na mkoba wake, mtu mrefu mwenye abakosti ya kijivu, suti ile ya Serikali isiyo na tai, akakaa kando yangu. Moniteri alikaa nyuma. Baba alikuwa amekwenda kusimama chini ya mpando, kando ya barabara, wima na vifungo vyake. Niliwasha injini. Kwenye tambarare nilikwenda vizuri, nikapata hata ujasiri wa kubadilisha gea. Kisha barabara ikainuka mbele ya kioo mpaka sikuona mbingu, na lori la mawe lililokuwa mbele yetu likasimama. Nami nikasimama.

Kila kitu nilichofundishwa kwa vifuniko nilikifanya kwa utaratibu wake. Niliachia klachi pole. Gari likatetemeka, likazimika. Niliwasha, nikaongeza petroli, likaruka kama chura, likazimika. Mara ya tatu nilisahau breki ya mkono na likaanza kurudi nyuma, na hapo mikono yangu ikaamka. Nililishusha kinyumenyume katikati ya baiskeli na mabeseni ya samaki bila kumgusa mtu, nikaliweka kando ya barabara sambamba kabisa na mfereji. Wamama wa soko walipiga makofi. Walisema hawajaona mtu anayerudi nyuma vizuri namna ile.

Mpimaji alifungua mlango, akaweka mkoba chini ya kwapa.

“Citoyen,” aliniambia, yaani mwananchi, “unajua kushuka. Urudie nyuma ya mwezi tatu.” Akaanza kupanda kwa miguu kwenda kula.

Wanasema mpanda ngazi hushuka. Mimi nilishushwa kabla sijapanda hata kidato cha kwanza, na bado nilikuwa na kazi ya kwenda kumwambia mtu aliyesimama hatua thelathini nyuma yangu. Lakini Baba alikuwa anajua. Macho yalikufa, masikio hapana. Alikuwa amesikia injini ikizimika mara ya kwanza, na ya pili, akasikia na makofi. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kufungua vifungo vya koti.

Jioni moniteri alikuja mpaka Muhumba, na kusema kweli alikuja kwa aibu. Alisema anaweza kunifundisha kupanda, ila kupanda kuna bei yake, na petroli ingekuwa juu yetu. Mama alimpa chai. Aliinywa, akaaga.

Dereva mpya aliingia siku ile ile miezi miwili ilipotimia, na mke na watoto watatu na godoro. Alikuwa na adabu, alituomba radhi. Baba alitumia asubuhi nzima kumwonyesha gari: mlango unaotaka kuinuliwa, gea ya pili inayokataa ikiwa baridi, kona ya kuachia breki ili mwendo ufike getini. Alimfundisha mgeni yule ndani ya gari lenyewe, amekaa kando yake, na mimi niliwatazama kupitia dirisha la jikoni huku nikifunga sufuria za Mama kwa kamba. Wivu nilioupata siku ile sijaupata tena juu ya kitu chochote.

Tulihamia chumba kimoja Panzi, mbali na ziwa. Mama alianza kuuza makaa, mmoja wa wadogo zangu akaacha shule. Mtihani sikurudia. Miezi mitatu ilipita na mingine, ada ikapanda, na kazi ya kuiendea haikuwapo tena. Mpaka leo sijui kuendesha gari, ukitoa kushuka.

Miezi kadhaa baada ya kuhama, tulikuwa tumekaa mlangoni, Baba na mimi, tukisubiri mvua ipite. Hakuwa anaona tena chochote isipokuwa mwanga.

“Siku ile,” aliniuliza, “kama singekuya na wewe, ungefika saa moja?”

“Hapana, Papa,” nilijibu. “Njia ilikuwa mubaya. Hata mie peke yangu ningechelewa.”

Nilijibu upesi mno. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu yake, na hakuuliza tena. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila tulipotoka, iwe kanisani, iwe kwenye msiba, hata njia ikiwa fupi na hakuna aliyetusubiri, alisimama mlangoni na kuniambia, “Utangulie, mutoto yangu. Nitakuya nyuma.”

Na mara nyingi nilitangulia.